Pampu Mbili Sakafuni kwa Fundi

Habari za kifo cha Mzee Masanja, aliyewahi kuniajiri machimboni, zilinikuta nikisahihisha mitihani, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kusikitika, lilikuwa kuanza kupima. Nikienda mazishini nitakutana na nani? Nisipoenda, nani ataulizia? Nikienda nikachelewa, nikakaa nyuma na akina mama wanaochambua mchele, je, nitaweza kuondoka bila kusalimiana na jirani yake wa zamani, Bi Mwajuma? Niliishika kalamu nyekundu mpaka ikaacha doa kwenye karatasi ya mwanafunzi asiye na kosa. Nimeanza kuota mvi na bado siwezi kwenda dukani kununua chumvi bila kujiuliza mwenye duka atafikiri nini nikimpa noti kubwa. Kinachochosha zaidi ni kwamba tabia hii ndiyo inayonilisha. Hapa Shinyanga mjini nafundisha chuoni somo la kufanya maamuzi, na kila muhula nafika kwenye mada ya nadharia ya michezo, nachora visanduku vinne ubaoni, na wanafunzi wananiomba mfano wa maisha halisi. Nawapa mfano wa wauza nyanya wawili wanaokaa soko moja. Ninao mfano mwingine ulio bora kuliko huo, na kwa miaka kumi na minne sijawahi kuutoa.

Nilikaa machimboni mwaka mmoja, na nikiuhesabu vizuri haufiki hata miezi kumi na miwili. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uchumi, nimeandika barua nyingi za kuomba kazi kiasi kwamba nilizisoma kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine, mtu mwongo kidogo. Mzee Masanja alihitaji karani kwenye duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, katika kambi moja ukitoka Kahama kuelekea upande wa Geita. Kazi yangu ilikuwa kuandika viroba vya mawe vilivyopanda kutoka chini na kuvitia alama ya rangi ya bluu ili visichanganyike na vya jirani. Sikuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara, kwa kuwa vijana waliamini mwanamke akichungulia shimo mwamba unajificha. Kwa hiyo niliketi hatua thelathini kutoka shimoni, chini ya turubai, na viroba vililetwa kwangu. Upande wa pili, hatua thelathini nyingine, aliketi Bi Mwajuma kwenye kiti cha plastiki, amejifunga mtandio wake, birika la kahawa miguuni. Alikuwa muuza vitenge wa Kahama, wa ukoo ule wa watu wa pwani waliofuata reli wakabaki, na duara la jirani lilikuwa lake. Yeye naye hakuruhusiwa kulichungulia shimo alilolinunua mwenyewe. Alikuwa na msimamizi, Jumanne, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye alishuka na kupanda akimletea habari. Mara nyingine Bi Mwajuma na mimi tulitazamana ng'ambo ya uwanja ule wa kifusi, akaniinulia kikombe.

Mzee Masanja hakuwa mtu wa dhahabu. Alikuwa mfugaji. Aliuza ng'ombe wake wote isipokuwa fahali mmoja, ambaye alisema hakumuuza kwa sababu siku ya mnada yule mnyama alimtazama. Kwa miaka miwili duara lilikuwa limemeza mifugo ile bila kurudisha kitu cha maana. Mwezi niliofika, vijana walikuwa ndiyo kwanza wameshika mwamba, utepe wa jiwe la kijivu lenye kutu, na viroba vya kwanza vilipopita kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, na kuoshwa vilionyesha kwamba mzee hakuwa mwendawazimu. Alikuja chini ya turubai langu, akakaa juu ya kiroba, akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika, "Ng'wanone, mwaka huu nitarudisha ng'ombe nyumbani." Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nami tangu siku ya kwanza nilijiuliza kama nilistahili.

Nilipanga kwa Mama Kulwa, aliyewapikia wachimbaji. Nyumba yake ilikuwa ya mabanzi, na chumba changu kilitenganishwa na banda la chakula kwa turubai la lori lililokatwa. Kulikuwa na kitanda, ndoo, na msumari mmoja wa kutundikia nguo zote nilizokuwa nazo. Upande wa pili wa turubai ndiko kambi nzima ilikokula. Asubuhi palikuwa na chai ya rangi na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo ukivitafuna na karanga unashiba mpaka saa nane. Mchana ugali na dagaa, au maharage. Ijumaa Mama Kulwa alipika mbuzi, na Jumanne ndiye aliyemchinja ili watu wote waweze kula. Mzee Masanja na Bi Mwajuma walikuwa na nafasi yao mwisho wa benchi, kila mtu na ugali wake, bakuli la nyama katikati. Na kila Ijumaa lilitokea jambo lile lile. Kipande cha mwisho kilibaki bakulini, na hakuna aliyekigusa.

"Kula, Mzee Masanja."

"Mimi nimeshiba, Bi. Malizia wewe."

"Nitamalizaje na mwenye meno yupo?"

Walisukumiana bakuli mpaka mchuzi ukaganda. Ndipo Mama Kulwa alipofika na kitambaa chake begani, akakichukua kipande akakila akiwa amesimama. "Mkiendelea hivi nitanenepa," alisema. "Kesho nitamwita paka, yeye hana heshima za namna hii." Vijana walicheka, na wale wazee wawili walicheka pia. Wakati ule niliona kama mchezo wa watu wazima wasio na haraka. Sikuandika popote kwamba ile ilikuwa habari muhimu kuliko zote nilizopata machimboni.

Shida yetu ilikuwa maji. Maduara yale mawili yalikuwa yameunganishwa chini na handaki la zamani lililochimbwa na watu waliotutangulia, kwa hiyo maji yalikuwa mamoja. Pampu ya Masanja ikiwaka, na duara la Bi Mwajuma linakauka. Pampu ya Bi Mwajuma ikiwaka, na letu linakauka. Pampu moja ilitosha kabisa, ila ilikunywa dizeli kama mtu aliyetoka kufunga. Mwanzoni walipokezana, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, bila kuandikishana. Kisha wiki moja ya zamu yetu Mzee Masanja alikwenda msibani na vijana wakazembea, na Jumanne akalazimika kuwasha. Wiki iliyofuata mpira wao wa maji ukatoboka, au walisema umetoboka, na sisi tukawasha siku nne mfululizo. Tangu hapo hakuna aliyejua tena zamu ni ya nani. Kila asubuhi pande zote mbili zilichelewa kidogo kuwasha, kuona kama mwenzake ataanza. Maji yalipanda kiasi cha kiganja, mmoja akakata tamaa akawasha, na siku ya pili wakasubiriana tena. Mzee Masanja alijua hatari iko wapi. Matimba, ile miti inayoshikilia kuta, yalikuwa yamesimama juu ya tabaka la udongo mwekundu katikati ya shimo. "Udongo huu ukilewa maji haushiki kitu," alisema. "Yakifika pale na kulala hata usiku mmoja, duara limekwisha. La kwangu na la mama yule."

Hapo ndipo elimu yangu iliponiwasha. Nilikuwa nimesoma jambo hili hili darasani: watu wawili, kila mmoja na chaguo lake, na matokeo ya kila mmoja hayatoki kwenye chaguo lake peke yake bali kwenye machaguo yote mawili yakikutana. Nilikuwa nimelisoma kwa ajili ya mtihani, na sasa lilikuwa hapa, linanuka dizeli. Nilianza kusikiliza. Mchana nilijilaza chumbani kama mtu anayepumzika, na upande wa pili wa turubai vijana wa Jumanne walikula na kuongea.

"Leo mbona hatuwashi?" mmoja aliuliza.

"Tuliza moyo, kaka. Masanja atawasha," Jumanne alisema, mdomo umejaa. "Mzee wa ng'ombe yule. Akiona mali yake inazama usingizi hauji. Sisi tukae tu."

"Na asipowasha?"

"Ana pampu, ana dizeli, ana presha. Atawasha."

Wakacheka. Nililala pale nikitazama msumari wangu. Wanatusubiri kwa sababu wanajua tunaweza, nilifikiri. Wanajua sisi ndio waoga zaidi. Basi dawa si kuwaomba wala kuwatishia. Dawa ni kuwafanya wajue kwamba hatuwezi, hata tukitaka. Nilikumbuka mhadhara mzima juu ya hilo, kwamba mtu anaweza kushinda kwa kujinyima chaguo, kwa kuvunja daraja nyuma yake mbele ya macho ya mpinzani, ili mpinzani abaki na uamuzi mmoja tu wenye akili. Niliona fahari ambayo hata leo ikinijia nainamisha kichwa.

Kesho yake nilichora visanduku vinne kwa mkaa nyuma ya mfuko wa saruji na kuutandaza mbele ya Mzee Masanja. Kisanduku cha kwanza: wote tunawasha, dizeli inaungua mara mbili bure. Cha pili: tunawasha sisi peke yetu, wao wanafaidi. Cha tatu: wanawasha wao, tunafaidi sisi. Cha nne: hakuna anayewasha, wote tunazama. Nilimweleza kwamba Bi Mwajuma anatutegea kwenye kisanduku cha pili, na kwamba tukiiondoa pampu yetu kambini, mchana, watu wakiona, tukasema imekufa, kisanduku hicho kinafutika. Atabaki na kuwasha au kuzama. Na hakuna mtu anayechagua kuzama.

Mzee aliutazama mfuko muda mrefu. "Kwa hiyo huko chuo mlikuwa mnacheza bao."

"Kama bao, Baba. Ila kwenye bao mmoja akishindwa mwingine anashinda. Hapa mnaweza kushindwa wote."

"Hapo umesema." Aliweka kidole kwenye kisanduku cha nne, kikapata masizi. "Na huyu mama akifanya hivi hivi?"

"Kwa nini afanye? Yeye anajua utawasha. Nimewasikia mwenyewe."

"Umewasikia." Hakuuliza wapi. "Kwa hiyo unataka nimfungie jirani yangu mlango."

"Si kumfungia, Baba. Ni kumwonyesha kwamba ufunguo huna."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kuhesabu ng'ombe asiokuwa nao. Nilifikiri atakataa, na sehemu yangu moja ilitamani akatae. Siku iliyofuata asubuhi alikuja mlangoni kwa Mama Kulwa, akaniamkia, "Mwangaluka, ng'wanone. Wewe ndiye uliyesoma. Kuna lori linarudi Isaka kuchukua mzigo, litapita Kahama. Peleka." Vijana waliibeba pampu mbele ya kambi nzima, wakipita hatua chache kutoka kwenye kiti cha plastiki. Mzee Masanja alisema kwa sauti, "Imekufa kabisa, tunaipeleka hospitali." Nilimwona Bi Mwajuma akiimwaga kahawa yake chini, taratibu, na nikajiambia: ndiyo, sasa anapiga hesabu.

Fundi alikuwa Nyahanga, kata ile ya Kahama mjini, kwenye karakana yenye sakafu ya saruji iliyolowa oili hadi ikawa nyeusi na laini kama ngozi. Aliivuta kamba ya pampu mara moja, ikawaka. Alinitazama. Nilimwambia aishike siku tatu nne, aisafishe, nitalipia. "Dada, ni nzima kuliko mimi," alisema, akaizima. Nililala nyumba ya wageni ya jirani. Asubuhi nilirudi karakana kwa sababu sikuwa na kwingine pa kwenda, na nilikuwa nimeketi kwenye tairi la trekta nikila mihogo ya kukaanga pale Jumanne aliposhuka kwenye guta la magurudumu matatu, na nyuma ya guta, imefungwa kamba za katani, ilikuwa pampu ya Bi Mwajuma.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza.

"Dada msomi. Pole na mgonjwa."

"Asante. Na nyie yenu imekufa?"

"Imekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

Fundi aliivuta kamba ya pampu yao. Ikawaka. Akaivuta tena na yetu, kwa uchokozi tu, nazo zikanguruma pamoja sakafuni mpaka makopo ya misumari yakatetemeka rafuni. "Jamani," alipaza sauti juu ya kelele, "maiti zenu zinapumua." Jumanne alicheka kwa heshima. Kule kambini, maili zote zile kutoka hapa, kulikuwa na maduara mawili na hakuna pampu. Mzee Masanja alikuwa ameketi akiamini Bi Mwajuma atawasha leo. Bi Mwajuma alikuwa ameketi akiamini nini, sikujua. Na sisi wawili, tuliojua wazi kwamba hakuna atakayewasha, tulikuwa hapa, tunapeana pole.

Sasa niseme sehemu ambayo sijawahi kuisema. Wazo la kuondoa pampu lilikuwa kosa, lakini kosa hilo lilikuwa bado linarekebishika. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa na simu mfukoni yenye salio. Ningempigia Mzee Masanja, nikamwambia, "Baba, na wao wameleta yao, narudisha yetu leo," na kufikia jioni ingekuwa inanyonya maji. Jumanne naye angeweza kumpigia Bi Mwajuma. Tulikwenda tukanywa supu na chapati hoteli ya ng'ambo ya barabara, tukaketi meza moja, simu zetu mbili juu ya meza kama watu wanaosubiri habari za uzazi.

"Hali ya maji ikoje kule?" nilimuuliza.

"Yamepanda. Yalikuwa chini ya udongo mwekundu kwa mikono miwili hivi." Alikunja chapati. "Kwa hiyo nyie mtairudisha lini?"

"Fundi akimaliza. Na nyie?"

"Fundi akimaliza."

Nilijua anaongopa na alijua naongopa. Kichwani mwangu visanduku vilikuwa vinazaa visanduku. Nikipiga simu mimi kwanza, Masanja atarudisha pampu, wao watajua kwamba tukibanwa tunarudi nyuma, na tutawavutia maji mpaka mwisho wa maisha ya duara. Nikisubiri mpaka mchana, Jumanne ataogopa kwanza. Yeye ndiye anayejua udongo ule kwa mikono yake. Lakini naye anajua kwamba mimi najua hilo. Kwa hiyo atasubiri aone kama nitaogopa kwa niaba yake. Basi nisubiri mpaka saa kumi. Ilikuwa hesabu safi, kila hatua ikifuata nyingine, na ningeweza kuitetea mbele ya mwalimu yeyote. Jumanne aliagiza chai ya pili, mimi nikaagiza ya pili. Alinisimulia habari za mjomba wake wa Maganzo, aliyechimba almasi miaka ishirini akaishia kuuza maji ya kunywa kwa wanaochimba. Nilicheka mahali pa kucheka. Hakuna aliyegusa simu.

Saa tisa mvua ilinyesha. Haikuwa msimu wake, wala haikuwa mvua ya kujaribu. Ilishuka kama mtu anamwaga karai. Tulisimama mlangoni mwa hoteli tukitazama barabara ikigeuka mto wa tope, na ndipo Jumanne, bila kunitazama, alipochukua simu yake, na mimi nikachukua yangu, kwa wakati mmoja. Mtandao wa kambini ulikuwa umekata. Tulipiga na kupiga mpaka betri yake ikaisha, nikampa yangu, akapiga kwa yangu. Tulikodi gari la mizigo, tukapakia pampu zote mbili, na tulikwama kwenye mto mdogo usio hata na jina, unaoweza kuuruka kiangazi. Tukalala garini. Tulifika kesho yake mchana. Uwanja wa kifusi ulikuwa na bonde katikati, kama mtu ameketi kwenye godoro akainuka. Turubai langu lilikuwa ndani yake, na kiti cha plastiki.

Hakufa mtu. Mzee Masanja alikuwa amewazuia vijana wasishuke tangu jana yake, kwa kuwa hakuiona pampu ya jirani ikiwaka, na alipouliza akaambiwa nayo imepakiwa kwenye guta alfajiri. Alijaribu kunipigia, mvua ikawa imeanza. Nilimkuta kwa Mama Kulwa, amekaa mwisho wa benchi, mbele yake chai iliyopoa. Nilipiga magoti nikamsalimu, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba, ng'wanone. Umekula?" Mama Kulwa aliniletea ugali. Niliula wote, mbele yake, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu, na nikiwa nakula nilingoja aniulize kama nilikutana na Jumanne mjini, na saa ngapi. Hakuuliza. Wiki ile kambi ilitawanyika. Mzee Masanja alirudi kwao kwa fahali wake mmoja. Mimi nilipata kazi ya chuo miezi michache baadaye, na kila mwaka baada ya mavuno, mtu alifika ofisini kwangu na mfuko mdogo wa matobolwa. "Mzee anakusalimu," aliniambia. Nilituma salamu pia. Mara kadhaa nilianza safari ya kwenda kumwambia, na kila mara nilifikiri: akiwa hajui, nitamuumiza upya, akiwa anajua, kwa nini anatuma viazi? Nikasubiri yeye aanze.

Nilikwenda mazishini, hatimaye. Nilichelewa kama nilivyopanga, nikakaa nyuma, na mpango haukufaa kitu, kwani Bi Mwajuma alikuwa huko huko nyuma, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amezeeka, magoti yamevimba. Ukoo ulikuwa umemwita Mwislamu wa kijiji jirani achinje, ili wageni wa aina yake wale. Walituwekea ugali na bakuli moja la nyama katikati yetu. Nilimwamkia akaitika, akaniuliza habari za Shinyanga mjini. Tukaanza kula. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana:

"Siku ile nilikuwa nimeshamwambia Jumanne awashe. Asubuhi ile ile. Mpira ulikuwa umeshaungwa."

Nilirudisha tonge sahanini.

"Nikaona pampu yenu inapita mbele yangu. Nzima, maana juzi yake nilikuwa nimeisikia inaunguruma. Nikasema, kumbe Masanja ananipigia hesabu. Mtu tunayesukumiana naye nyama." Alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Hasira, mwanangu. Nikasema basi na yangu iende. Ningekaa na hasira yangu siku moja tu nikiwa nimewasha, tungekuwa matajiri wote."

"Wazo lilikuwa langu, Bi," nilisema. "Siyo lake. Nilimchorea."

"Najua. Aliniambia mwaka ule ule. Alisema, mtoto alinionyesha kisanduku cha kuzama, nikakigusa kwa kidole, na bado nikakubali. Hakukulaumu."

Ningeweza kuishia hapo. Nilishapata zaidi ya nilichostahili, na akili yangu ilikuwa tayari inanionyesha njia ya kutokea, shamba la mtama, gari linaloondoka saa kumi. Nilimwambia yaliyobaki. Nilimwambia habari za supu na chapati, saa tatu mpaka saa tisa, simu juu ya meza, jinsi nilivyokuwa nangoja Jumanne aogope kwanza. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, na wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walitutazama. Nilipomaliza, Bi Mwajuma alijifunga upya mtandio wake.

"Jumanne aliniambia haya wiki ile ile," alisema. "Alilia. Akaapa kwamba yeye ndiye aliyechelewesha, wewe hukuwa na kosa. Nikampelekea Masanja habari hizo, naye akasema, basi tumsikie na wa upande wa pili akija." Alinitazama, bila ukali wowote. "Tukakusubiri."

Ndani ya uzio walikuwa wameanza kuimba. Bakulini kilikuwa kimebaki kipande kimoja, chenye mfupa. Bi Mwajuma alilisukuma bakuli kuelekea kwangu kwa ncha za vidole. Mkono wangu ulianza kulirudisha, kwa mazoea. Nikauzuia. Nikakichukua kile kipande, nikakila, na yeye akanitazama mpaka nilipomaliza.